Kuizeesha Reli Isiyoshika Kutu

Paukwa! Walioitikia wasogee mbele. Wasioitikia nao wakae tu, maana hadithi ya leo ina treni, na sijapata kumwona mtoto anayekimbia hadithi ya treni.

Hapo kale, wala si kale sana, katika mji wa Monterey, jimbo la California nchini Marekani, palikuwa na mpiga picha aitwaye John Allen. Katika chumba cha chini ya nyumba yake bwana huyu alijenga nchi nzima. Milima ilianzia sakafuni ikapanda kuelekea dari. Madaraja yalivuka makorongo. Pale chumba kilipokwisha alisimamisha vioo, nchi ikaonekana inaendelea. Humo zilipita treni zilizopunguzwa mara 87, yaani behewa la mita 20 likawa na sentimita 23 hivi. Reli yake aliiita Gorre & Daphetid. Alikuwa na hata stegosaurusi, yule mnyama wa kale mwenye mabamba mgongoni, akiburuta mabehewa badala ya injini. Kwa nini? Kwa sababu mwenye nchi ndiye aliyepanga, na hapakuwa na waziri wa uchukuzi wa kumkatalia.

Picha za nchi ile zilipotoka magazetini, wapenzi wa treni za mfano walitazama wakatazama tena. Si kwa ajili ya mnyama peke yake. Vitu vya Allen vilikuwa vichafu. Siku hizo wengi walipenda treni zao ziwe safi, zing'ae vilevile zilivyotoka kwenye boksi. Yeye alizipaka moshi, vumbi, kutu na madoa ya mvua, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuufanya uchafu kuwa ufundi. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukazuka ndani ya nyumba, ukaiteketeza nchi ile. Picha zilibaki. Ufundi nao ulibaki, ukaenea, na ndio nitakaowasimulia leo. Lakini sehemu yake moja tu, ile ambayo watu huipita mbio: reli yenyewe.

Nasema huipita mbio kwa sababu naona. Mtu atapaka injini yake kwa brashi nyembamba kabisa, ataandika namba ubavuni huku amezuia pumzi, halafu ataiweka juu ya reli mbili zinazometameta na mataruma meusi tii ya plastiki. Mataruma, kwa wasioyajua, ni zile boriti fupi zilizolazwa kukingama chini ya reli, zinazozishika reli mbili zisiachane wala zisisogeleane. Sasa hapo injini ina miaka 50, njia imezaliwa jana. Hata mtu asiyejua treni akitazama ataona kuna uongo mahali, ila hatajua auseme vipi.

Chanzo chake ni hiki. Reli ya kweli ni chuma cha pua, na chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Reli ya mfano kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Huo haushiki kutu hata ukiuacha uani masika mazima; utafifia kidogo, basi. Wenye viwanda wamechagua hivyo makusudi, kwa kuwa umeme unaoendesha treni ndogo, mara nyingi wa volti 12, hupanda kutoka kwenye reli, ukapita katika gurudumu hadi kwenye mota. Kutu ingeuzuia. Kwa hiyo tuna reli ambayo haitazeeka yenyewe, na tunataka ionekane imepigwa na jua na mvua miaka nenda miaka rudi, bila umeme kukatika. Kazi ya jua, ya mvua na ya magurudumu inabidi tuifanye sisi kwa brashi.

Basi kabla ya kununua rangi, nendeni mkaitazame reli ya kweli. Simameni kwenye jukwaa la stesheni, au nyuma ya kizuizi cha kivuko, mkiwa na mtu mzima. Msishuke njiani, wanangu. Treni ya umeme ya siku hizi hufika kabla hujaisikia, na dereva hata akifunga breki zote, treni huendelea kuserereka mamia ya mita.

Cha kwanza mtakachoona ni mgongo wa reli, ule upande wa juu. Unang'aa, kwa sababu magurudumu huusugua kila treni ipitapo na kutu haipati nafasi. Shusheni macho hadi ubavuni. Hapo hakuna kinachosugua, na ubavu wote umevaa kutu mpaka kwenye kitako cha reli. Sasa niambieni ni kutu ya rangi gani. Najua mtasema ya machungwa. Tazameni tena. Machungwa ni kutu changa, ya reli iliyoletwa juzi au iliyokwanguliwa. Ikikaa hukolea ikawa kahawia, kisha vumbi na grisi huipoza hadi ikaribie kijivu. Njia inayotumika kila siku huwa na ubavu wa kahawia ya giza iliyofifia, basi. Kama ningetakiwa kutaja kosa moja tu la reli za mfano zilizopakwa vibaya, ningesema rangi ya machungwa iliyozidi.

Tuifuate reli hadi pale treni zinaposimama. Breki za zamani ni vyuma vinavyolibana gurudumu, na kila dereva anapozifunga, unga mwembamba wa chuma humwagika. Unga huo hushika kutu ukiwa chini. Ndiyo maana kokoto za karibu na stesheni huwa za kahawia, na huko mbali porini, ambako treni hupita bila kupunguza mwendo, kokoto hurudia rangi ya mawe. Mwisho wa jukwaa, pale injini inaposimama siku zote, utaona ukanda mweusi katikati ya reli mbili: mafuta na dizeli, tone juu ya tone. Enzi za injini za mvuke palikuwa pia na majivu na masalio ya makaa, na kando ya bomba la kujazia maji palikuwa na michirizi myeupe pale maji ya chumvichumvi yalipodondoka na kukauka. Na kwa kuwa mmekaa kimya namna hii, nitawaongezea moja: vyoo vingi vya mabehewa ya zamani vilifunguka moja kwa moja njiani, ndiyo maana abiria walikatazwa kuvitumia treni ikiwa stesheni. Rangi yake sina haja ya kuwaeleza. Acheni kucheka, tuendelee.

Kwenye kona, ukingo wa gurudumu hujibana dhidi ya reli ya nje, hivyo ubavu wa ndani wa reli hiyo, karibu na mgongo, nao hung'aa. Njia ya pembeni, ya kuegeshea mabehewa mabovu, ni kinyume chake: hata mgongo wake umeshika kutu, na majani yamechomoza kati ya mataruma. Ukishayajua haya unaweza kuitazama njia tupu, isiyo na treni hata moja, ukasema treni hupita upande gani, husimama wapi, na ni njia ipi iliyosahaulika. Nalo ndilo ninalotaka mlishike leo kuliko jina la rangi yoyote. Kila doa lina kazi iliyolileta. Doa lisilo na kazi nyuma yake ni uchafu tu, na litaonekana ni uchafu.

Mataruma nayo yana habari zake, na hapa ni lazima uamue unajenga reli ya wapi na ya lini. Uingereza kwa muda mrefu yalikuwa ya mbao. Mbao tupu ingeoza upesi, hivyo ilishindiliwa kreosoti, mafuta mazito yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, kwa njia ambayo John Bethell aliipatia hataza mwaka 1838. Taruma jipya lililotoka kwenye kreosoti ni kahawia inayokaribia weusi. Jua na mvua hulipausha hadi liwe la kijivu, na nyufa ndefu hufuata nyuzi za mti. Tena hayabadilishwi yote siku moja. Hutolewa lile lililooza. Kwa hiyo katika mstari wa mataruma ya kijivu utakuta moja jeusi, geni, kisha mengi ya kijivu, kisha mawili meusi yamefuatana. Plastiki ya kiwandani haijui jambo hilo. Yote imezaliwa siku moja.

Kwetu Afrika Mashariki habari ni nyingine. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani, Kisumu ya leo, Desemba 1901, sehemu yake kubwa iliwekewa mataruma ya chuma. Mbao ingekuwa karamu ya mchwa. Taruma la chuma limekaa kama hori lililofunikwa kifudifudi, halina nyuzi za mti, halipauki, na lenyewe hushika kutu pamoja na reli. Kwa hiyo njia ile kuukuu ni kahawia juu ya kahawia, na ukifika upande wa Voi na Tsavo, udongo mwekundu huja ukalala juu ya vyote. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina mataruma ya zege, na reli za SGR za Kenya na Tanzania, zile mpya za upana wa kimataifa, vivyo hivyo. Zege huanza likiwa la kijivu cheupe. Baadaye sehemu zinazopakana na reli hupata kahawia ya ule unga wa chuma, na katikati huingia giza polepole. Watu hudhani zege ni rahisi kulipaka. Wanapaka kijivu kimoja safi kila mahali, wanaondoka, na reli inabaki na sura ya kitu cha kuchezea.

Upana nao una hesabu yake, fupi. SGR ina milimita 1,435 kati ya reli na reli. Igawe kwa 87 upate 16.5, na huo ndio upana wa reli za mfano zilizoenea kuliko zote duniani. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda, pamoja na Reli ya Kati ya Tanzania, zina mita moja kamili; TAZARA ina milimita 1,067. Ukizigawa hizo kwa 87 unapata 11.5 na 12.3, na fundi hutumia reli ya milimita 12 kwa zote mbili bila mtu kumshika mkono.

Huko Uingereza, katika kijiji cha Long Wittenham, kuna jumba la makumbusho liitwalo Pendon. Aliyelianzisha, Roye England, alifika kutoka Australia mwaka 1925, akaziona nyumba za mashambani za kale zikianza kutoweka, akaazimia kuzihifadhi kwa mfano, na reli zake pia. Mandhari yake kuu inafuata mashamba ya miaka ya 1920 na 1930. Nami nitachukua Uingereza ya miaka hiyo kwa kazi ya leo, kwa sababu moja tu: ina mataruma ya mbao, na mbao ndiyo ngumu kupaka kuliko zote. Ukiiweza, chuma na zege havitakusumbua.

Kipande chetu kina sentimita 24. Sikuitoa hewani namba hiyo. Reli moja ya Uingereza ya wakati ule mara nyingi ilikuwa na urefu wa futi 60, zaidi kidogo ya mita 18, na kwa skeli ya Pendon futi moja ni milimita 4. Chini ya reli hiyo kuna mataruma 24 hivi. Kati ya reli moja na inayofuata huachwa nafasi ndogo kwa ajili ya jua, maana chuma cha urefu huo kikizidi joto kwa nyuzi 30 hurefuka kiasi cha milimita 6. Hapo pa kuungania hufungwa vibao viwili vya chuma kwa bolti, hutiwa grisi, na gurudumu likivuka ndipo mnaposikia ta-tam, ta-tam. Kwa hiyo kila baada ya sentimita 24 reli yenu ya mfano inadai doa jeusi la grisi ubavuni. Ukipaka reli ya SGR usiliweke: reli za kisasa huchomelewa zikawa ndefu sana, na ule mlio umekwenda zake.

Kazi yenyewe huanza bila rangi. Iendesheni treni kwanza juu ya reli tupu, mbele na nyuma. Hitilafu ya umeme huonekana upesi sasa. Ikishafunikwa na rangi na gundi, kuitafuta ni adhabu. Kisha osheni reli kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, ikauke kabisa, kwa kuwa mafuta ya vidole huifukuza rangi.

Tokeni nje sasa, mvae barakoa, mtu mzima awepo, upepo uwe mgongoni kwenu. Chukueni kopo la rangi ya kupuliza, kahawia iliyopoa, isiyong'aa. Inamisheni kopo, mpulize upande huu kisha upande ule, tabaka jepesi, ili rangi iingie hadi chini ya mgongo wa reli. Kabla haijakauka, fungeni kitambaa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, kilowesheni kidogo kwa tina au kwa spiriti kulingana na rangi mliyotumia, mkipitishe juu ya mgongo wa reli. Mbao ina sababu. Kidole ni laini, kitabonyea kishuke ubavuni na kufuta rangi uliyoiweka sasa hivi. Mbao hugusa mgongo tu. Kama kipande chenu kina njia panda, zile ndimi zinazosogea zizibwe kwa selotepu ya karatasi kabla ya kupuliza. Rangi ikiingia humo ulimi hunata na treni hukwama papo hapo. Asiye na kopo la kupuliza atumie brashi na rangi ya akriliki. Atachelewa, lakini hatakosa kitu.

Hapa niseme neno kuhusu rangi nyeusi: iwekeni kabatini. Kitu kikubwa ukikitazama kutoka mbali, hewa na mwanga hukipausha. Reli ya mfano unaitazama kwa karibu, lakini jicho linaamini liko mbali, likitazama reli ya kweli kutoka kilimani. Ukipaka weusi kamili utaonekana umechora tundu. Hata taruma jipya la kreosoti lipakeni kahawia ya giza iliyotiwa kijivu, na kutu ya ubavuni mwiongezee kijivu kidogo kuliko roho inavyotaka.

Tuyaendee mataruma. Katika kifuniko cha chupa changanyeni kahawia, nyeupe na kijivu mpaka mpate vijivu vitatu vinne vinavyotofautiana kidogo tu. Pakeni taruma mojamoja, bila mpango. Ninaposema bila mpango, namaanisha msiseme “moja la giza, mawili ya kijivu, moja la giza”. Jicho hugundua mtindo huo upesi sana. Mengi yawe ya kijivu, machache ya kahawia, na hapa na pale lile jeusi lililobadilishwa juzi. Yakikauka, chukueni brashi ngumu iliyochakaa, mchovye ncha yake kwenye kijivu cheupe, kisha mwifute kwenye karatasi mpaka mwone haina rangi tena. Ndipo mwipitishe juu ya taruma kwa urefu wake, mkono mwepesi. Rangi itashika kwenye mistari iliyoinuka tu, na nyuzi za mti zitajitokeza ambazo dakika moja iliyopita hamkuziona. Kwangu hapo ndipo pazuri kuliko pote, na ndipo watoto huzidisha. Mara mbili inatosha.

Kisha ubavu wa reli. Brashi ndogo, rangi ya kutu iliyopoa, na uvumilivu. Kila taruma lina vishikizo viwili vya chuma vinavyoibeba reli, kwa hiyo kipande chetu kifupi kina vishikizo 48, na kila kimoja kina upande wa ndani na wa nje. Navyo ni chuma, navyo vina kutu. Wengi hupaka reli wakaviacha vishikizo na rangi ya mbao. Msifanye hivyo. Mkishamaliza, chukueni machungwa yenu mliyoyapenda, kidogo mno, mguse vishikizo vitatu au vinne, basi. Hapo ndipo mahali pake.

Sasa kokoto. Kokoto ya kweli ya ukubwa wa milimita 40 ikipunguzwa kwa skeli yetu inakuwa nusu milimita, yaani mchanga. Wengi hutumia kitu kikubwa mno, na treni inaonekana inapita juu ya viazi. Mchanga wa mtoni uliooshwa, ukakaushwa, ukapitishwa kwenye kichujio cha chai unafaa sana, lakini kwanza upimeni kwa sumaku. Tandazeni mchanga kwenye karatasi, mfunge sumaku kwa kitambaa chepesi, mwipitishe juu yake taratibu. Mtaziona chembe nyeusi zikiruka na kung'ang'ania kitambaa. Ni chembe zenye chuma, na mchanga mwingi unazo. Mkiziacha njiani zitapanda ndani ya injini, kwa kuwa mota yake ina sumaku, na zitaisaga kutoka ndani. Rudieni mpaka kitambaa kitoke safi. Kwa sababu hiyohiyo, pamba ya chuma ya kusugulia masufuria isisogee karibu na reli yenu.

Mwageni mchanga katikati ya mataruma, mwusambaze kwa brashi laini, mgongegonge reli kidogo kwa kidole ili chembe zilizolala juu ya mataruma zianguke mahali pake. Usiwe juu kuliko taruma, wala usiegemee ubavu wa reli, gurudumu litaupanda. Nyunyizeni maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo mpaka mchanga ulowe. Changanyeni gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, mtie tone jingine la sabuni, mdondoshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mkisahau sabuni, tone la gundi halitazama. Litakaa juu, litaviringika na mchanga, liache shimo. Wakati wa kudondosha kila kitu kitaonekana kimeharibika, cheupe na chepechepe. Msiguse. Kalaleni. Asubuhi gundi itakuwa imekauka na kutoweka machoni.

Kilichobaki ni uzee wenyewe. Punguzeni rangi ya kahawia kwa maji mengi, mpake katikati ya njia na karibu na reli, ikateleze kwenye mianya. Pale treni inaposimama iwe nzito, mbali na hapo iwe nyepesi. Ukanda wa mafuta utengenezeni kwa kahawia nyeusi yenye vanishi kidogo inayong'aa, maana mafuta hung'aa hata yakiwa machafu. Vumbi litoke kwenye chaki: ikwangueni kwa kisu au kwa msasa, mpake unga kwa brashi kavu. Anayejenga Voi akaushe udongo mwekundu wa kweli, auponde, auchekeche kwa kitambaa, aupime kwa sumaku na wenyewe, kisha aupake hafifu juu ya mataruma ya chuma. Mwenye injini za mvuke aponde mkaa wa jikoni apate masalio ya makaa. Pulizeni kidogo vanishi isiyong'aa ili vumbi lisipeperuke.

Mwishowe sugueni mgongo wa reli tena kwa kile kipande cha mbao, safari hii kikiwa na kitambaa chenye spiriti, mpaka ung'ae ukanda mmoja mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo kahawia yote inapopata maana yake, kwa sababu mng'ao huo ndio unaosema treni hupita. Njia ya pembeni iliyotelekezwa ndiyo pekee unayoweza kuipaka kutu hadi mgongoni, ukiwa umekubali kwamba hakuna treni itakayokwenda huko tena.

Msianze na njia nzima, wanangu. Kateni sentimita 24, mwifanye kwa hatua zote hizi, kisha mwipeleke kwenye mwanga wa dirishani mwitazame mkiwa mmeinama hadi macho yawe sawa na reli. Ikionekana ya machungwa, imezidi. Rudini na kijivu. Na injini ikisita popote, msiilaumu injini: sugueni mgongo wa reli hapo iliposita, kwa kuwa rangi haipitishi umeme.